Mtondoo wa Bi Time

Bi Time Ngwali wa Kengeja alikuwa na mti, lakini ardhi ya chini yake haikuwa yake. Kwa Pemba si jambo geni. Mtondoo ule ulipandwa na mama mkwe wake, naye akamtunza Bi Time mti huo siku alipoolewa. Kiwanja kilibaki mikononi mwa ukoo wa mumewe, na mume alipofariki kikawa cha Himid, shemegi yake. Mwenye mti ana haki ya matunda na kivuli. Mti ukianguka, haki hiyo inakwisha. Kupanda mwingine haruhusiwi, kwa kuwa anayepanda mti wa kudumu katika ardhi ya mwenziwe ameanza kuidai.

Juu ya mtondoo wanalala popo, wale wakubwa wenye manyoya mekundu ambao hawapatikani nje ya Pemba. Bi Time alipokuwa mtoto baba yake aliwanasa kwa wavu, na baadhi ya watu wakila nyama yao. Baadaye wakawa haba. Misitu iligeuka mikarafuu na mihogo, kuwaua kukapigwa marufuku, na waliosalia wakahamia miti mikubwa iliyobaki kati ya nyumba za watu. Walipofika kwake, Bi Time alifagia uchafu wao kila asubuhi na kuokota kokwa walizodondosha, akazikamua mafuta ya kupaka. Akiulizwa kama anawapenda, hujibu kwamba amewazoea.

Mchwa ndio walioanzisha mambo. Kufikia masika yaliyopita, mtu aliweza kuingiza mkono mzima ndani ya shina. Bi Time aliona kuwa mti hautakaa sana, na kijijini hapakuwa na mwingine wa kuwabeba popo wote wale. Chini yake miche iliota yenyewe, lakini kilichoota chenyewe ni cha mwenye ardhi, na Himid aliifyeka kila alipopalilia mihogo yake.

Mche mmoja Bi Time aliuficha nyuma ya shina. Akauzungushia makuti, akawa anautilia maji aliyooshea mchele. Himid alipougundua, alikwenda kwa sheha.

"Mche huu kapanda nani?" sheha aliuliza barazani kwake.

"Popo," Bi Time alijibu.

"Na makuti kasuka popo?" alidakia Himid.

"Makuti nimetia miye. Kuku wako wanachakura."

"Shemegi, usinifanye mtoto. Leo mche, kesho kiwanja. Mwanangu Usama anataka kuoa, na hapo ndipo atakapojenga. Mwari wa watu aje akae chini ya mavi ya popo?"

"Mkeo kalea wanawe katika mavi ya kuku, na wote wazima."

Watu walicheka, sheha akajifanya anakohoa. Kisha akaamua: mti ni wa Bi Time, ardhi ni ya Himid, mche ung'olewe. Himid aliung'oa mwenyewe alasiri ile, akayakunja makuti na kumpelekea Bi Time mlangoni, kwa kuwa yalikuwa yake.

Baada ya siku chache Bi Time alikwenda kwa Himid.

"Usama na ajenge kwangu, kule barabarani," alisema. "Weye nipe pale chini ya mti."

Kiwanja cha barabarani alikirithi kwa baba yake. Magari ya abiria yanasimama mbele yake, na muhogo wake hauhitaji kubebwa kichwani.

"Umezungumza na mwanao?" Himid aliuliza.

"Ardhi ni yangu."

"Watu watasema nimemdhulumu mjane wa ndugu yangu."

"Watasema. Nawe utakuwa barabarani."

Walibadilishana mbele ya sheha. Shadya, binti pekee wa Bi Time, mwalimu anayeishi Madungu, alisikia habari kwa watu wengine. Alikuja, akakaa ukingoni mwa mkeka bila kuvua mkoba begani.

"Mama, umewapa popo kiwanja changu."

"Kilikuwa changu."

"Na mie nijenge wapi?"

"Pana nafasi kule chini ya mti, ukistahamili kelele."

Shadya aliinuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo hupiga simu kila Ijumaa, akauliza afya, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nyumba ya Usama imefika kwenye linta. Mtondoo umepoteza kilele chake kwa upepo, na popo wachache wamehamia kwingine. Waliobaki wamejibana kwenye matawi ya upande wa bonde. Chini yao miche imejaa, na Bi Time ameizungushia makuti yale yale. Mrefu kuliko yote unamfikia kiunoni. Hauwezi kubeba popo hata mmoja.

Himid hupita hapo akienda msikitini.

"Hii yote kapanda popo?" huuliza.

"Yote," hujibu Bi Time bila kuacha kufagia. "Ila makuti."