Kisima Kwanza, Salamu Baadaye

Mwanangu, kesho unaenda kusimika mtandao mpya kule kwenye visima vya mvuke, upande wa Naivasha, na mimi hapa Bondeni najiona kama ndimi ninayesafiri. Ngoja nikuambie kitu kabla hujafunga begi.

Nakumbuka asubuhi moja nilipokuwa kijana wa redio huko huko. Simu za kawaida hazikufika kwenye yale makorongo, kwa hiyo tulikuwa na mtandao wetu wenyewe: mlingoti kilimani, kibanda chini yake, na kila fundi na redio yake ya mkono. Mkubwa wetu, Mzee Koech, alikuwa na sheria moja iliyowaudhi watu. Ukiita, taja kisima ulipo kwanza. Salamu baadaye. Hebu fikiria, mtu wa kwetu amwite mzee bila kumjulia hali! Walinung'unika kwamba anatufundisha utovu wa adabu. Yeye akajibu, "Adabu yangu ni mrudi nyumbani."

Asubuhi hiyo ilisikika sauti ya Otieno, fundi mpole ambaye siku zote aliulizia mpaka hali ya ng'ombe wako.

"Kisima cha korongoni, nyuma ya bomba. Gesi..."

Kisha kimya. Hatukuhitaji kumtafuta. Wenzetu walivaa vinyago vya hewa, wakamtoa akiwa amezimia. Mzee Koech alisimama mlangoni mpaka tulipoambiwa kwamba Otieno anapumua.

Jioni Otieno akaja kibandani na blanketi mabegani, akatushika mkono mmoja mmoja.

"Wazee, habari za asubuhi," akasema. "Ile saa sikuwasalimia."

Koech alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi sijawahi kupokea salamu tamu kama ile.

Sisi tulirusha sauti tu. Mtandao wako utarusha picha na vipimo vya kila kisima, na ninavyojivunia, majirani wameshachoka kunisikia! Lakini kabla hujauwasha, wazoeze watu wako kuita vile Koech alivyotuzoeza. Watakasirika. Waache wakasirike, mradi wanarudi kwao jioni.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, mlingoti wako usimame imara, na kila atakayeita asikike. Ukifika, nipigie simu. Niambie uko wapi kwanza. Salamu nitazingoja.