Mvua Aliyoigawa Mama Ephrasia

Saa tatu kamili asubuhi, Ephrasia Komba anainama uani kwake Lituhi, kando ya ziwa, anachomoa chupa ya kipima mvua na kumimina maji kwenye gilasi yenye mistari. "Milimita saba," anasema, kisha anaandika kwenye daftari jipya.

Kazi hii ameifanya kwa kujitolea tangu 1994. Ukimsifu, anatazama chini.

"Nina aibu, mwandishi. Andika hivyo hivyo."

Mambo yenyewe ni haya. Kila Machi hupanda Kitura, kijiji cha milimani, kumsaidia mama yake kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isiondoke na udongo mlimani. Akirudi baada ya siku nne, hukuta maji ya siku zote yamechanganyika chupani.

"Basi nikafanya kama tunavyogawa chakula nyumbani. Kila siku fungu lake, sawa kwa sawa. Nani angenung'unika?"

Hakuna aliyenung'unika, mpaka Mei mwaka huu wa 2003, alipokuja Tarsisi, mtaalamu kijana wa hali ya hewa, na kompyuta yake ndogo. Humo mna programu aliyoiandika kwa Python, lugha ya kuiagizia kompyuta kazi. Inasoma data za satelaiti za aina tatu: picha za mawingu, joto la vilele vyake na makadirio ya mvua. Akazilinganisha na daftari la Ephrasia.

Wiki moja ya Machi ikagoma kulingana. Daftari lilisema milimita kumi na mbili, siku nne mfululizo. Satelaiti iliona wingu moja zito, Jumanne tu.

"Satelaiti imekosea, mama," Tarsisi akasema. "Yenyewe inatazama kutoka juu, wewe umeyashika maji. Nitairekebisha kwa namba zako."

Angelaumiwa, angejitetea. Kuaminiwa ndiko kulikomshinda.

"Nilitamani ardhi ipasuke. Wavuvi wetu wangetabiriwa mvua kwa uongo wangu."

Tarsisi alikwishafunga begi. "Mwanangu, usiirekebishe," Ephrasia akamwambia. "Imesema kweli. Mwongo ni mimi."

Kijana hakumgombeza. Alimpa kalamu nyekundu tu. Ephrasia akaketi, akazungushia siku alizozigawa, thelathini na sita katika miaka tisa, huku mumewe Bernadi, aliyezoea kumtangaza kijiji kizima, akimfunulia kurasa.

Daftari limekwenda na Tarsisi, na jibu la ofisi yake halijaja. Machi ijayo Ephrasia hatapanda Kitura kabla ya kumfundisha Bernadi kusoma gilasi.

"Siku nyingine zote nilipima kweli, hata nikiwa na malaria," anasema. "Natumaini hizo wataziamini."