Viatu Chini ya Gurudumu la Hewa

Kwenye boti ile fupi, nene, ya kuvuta meli, sheria kubwa kuliko zote haikuandikwa popote: anayeingia tumboni mwa injini anaacha viatu chini ya gurudumu la hewa. Injini yenyewe ilikuwa dizeli kongwe ya mipigo miwili, ndefu kuliko chumba alicholala fundi wake na mkewe, na iliamshwa kwa kuzungusha gurudumu hilo, lililofungulia hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi. Vilango vya kuingilia tumboni vilikuwa upande wa ukutani, ambako mwenye zamu haoni, na aliyemo ndani akifuta mafuta machafu hasikiki hata apige kelele mpaka koo likauke. Kwa hiyo viatu ndivyo vilivyomsemea.

Kaka yake fundi alifia humo. Mtu alikuwa akipiga deki, akaona viatu vinamzuia, akavisogeza nyuma ya pipa, na mwenye zamu akawasha injini. Siku hiyo fundi alikuwa kitandani na homa. Kila mtu alimwambia hana kosa, na kuambiwa hakukumsaidia chochote. Aliporudi kazini akazikuta raba za kahawia za kaka yake chini ya gurudumu, visigino vimekanyagwa vikalala, kamba moja ni waya. Ni raba ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezichoma moto nyuma ya nyumba.

Tangu hapo zilikuja zilipotaka. Kila alipoziona alisimamisha kazi, akazunguka kujibana ukutani, akafungua vilango na kumulika ndani, asikute mtu. Wenzake, ambao hawakuona kiatu wala kamba, wakambandika jina la Ngoja, na walipenda kusema kwamba injini ile kizee inaamka mapema kuliko fundi wake. Halafu siku moja meli ikaponea chupuchupu kugonga gati huku ikimsubiri yeye, na utani ukaisha hapo hapo. Nahodha alimwita juu akamweleza, bila ukali, kwamba akichelewesha injini tena kwa ajili ya viatu visivyokuwepo, atahamishiwa stoo ya nchi kavu akapange misumari. Daktari naye alimshauri akiviona avipite tu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "shemeji amekufa. Mwache apumzike, na wewe upumzike."

Alikubali, kwa kuwa alikuwa amechoka kweli. Stoo haikumtisha kwa sababu ya misumari. Alichoogopa ni kwamba akiondoka, kaka yake atabaki kule chini peke yake.

Asubuhi iliyofuata kengele ya nahodha ililia kwa haraka. Meli ya mizigo ilikuwa imezimikiwa na mashine kwenye mlango wa bandari, na mkondo ulikuwa unaisukumia kwenye miamba. Msaidizi wa fundi alikuwa juu akihangaika na mpira wa dizeli. Fundi alibaki peke yake na mngurumo wa jenereta. Akashika gurudumu la hewa, akatupa macho chini, na viatu vilikuwepo.

Kengele ikalia tena. Alijiambia leo atavipita, maana daktari kasema, mke kasema, nahodha kasema, na kule nje kuna watu wanaotaka kuokolewa.

"Nisamehe, kaka," akasema.

Lakini mahali pa kuweka mguu ili alizungushe lile gurudumu zito ndipo viatu vilipokuwa. Miezi yote ile hakuwahi kuvigusa, aliogopa. Sasa aliinama avisukume kando, vidole vikaingia ndani ya kimoja, na kiatu kilikuwa na joto. Kilikuwa na jasho.

Aliliachia gurudumu kana kwamba limemuunguza. Akazunguka nyuma ya injini akichubuka mabega, akapenyeza mkono kwenye kilango kilichokuwa wazi, akashika kifundo cha mguu wa mtu. Alikuwa mfanyakazi mpya wa kupaka mashine mafuta, yule waliyemwita Baba Pacha, amelala chini ya pistoni na tambara lake, anajiimbia. Alikuwa amemuaga msaidizi, akaacha viatu vyake chini ya gurudumu, na msaidizi alisahau. Fundi alimburuta nje kama gunia, akamkumbatia, akalia bila haya.

Meli ile waliiwahi, ingawa ilikuwa imeshakwaruza mwamba. Habari za stoo nahodha hakuzitaja tena.

Ungedhani raba za kahawia nazo zingeacha kuja. Wapi! Mpaka leo, kabla ya kufungulia hewa, fundi anainama chini ya gurudumu, mahali ambapo wenzake wanaona sakafu tupu, anaingiza mkono, anautuliza humo kidogo. Hakuna anayecheka, na Baba Pacha huvua kofia. Siku moja alimuuliza anachokikuta.

"Viatu vya kaka," fundi akajibu. "Vya baridi. Vikiwa vya baridi, tunawasha."

Akalizungusha gurudumu, injini ikaamka. Hakumwambia kwamba kila anapoingiza mkono, huwa anaomba avikute vina joto.