Mlio Uliotiwa Chumvi

Kama uliwahi kuangalia tamthilia za kituo kile cha televisheni ukasikia mlango ukibamizwa kwa hasira, basi uliusikia mlango wa kabati la mafagio, ghorofa ya chini, karibu na choo cha wafanyakazi. Mvua ilikuwa mchele ukimwagwa kwenye sinia. Na yale makofi yaliyokufanya ushike shavu lako yalikuwa paja la mtu mmoja mnene, mpole, asiyewahi kumwinulia mtu mkono. Alikuwa anajipiga mwenyewe mbele ya maikrofoni, amefumba macho kama anayesali. Huyo ndiye Fundi Sauti.

Kazi yake aliipenda mno. Mkewe alikuwa akisema mume wake anasikia sisimizi akitembea ukutani, ila akiitwa kuhamisha mtungi wa gesi masikio yanaziba. Watoto walimcheka kwa sababu alikuwa akigonga kila kitu kipya kinachoingia nyumbani ili asikie kinaliaje. Aliyemheshimu kupita wote ni shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, fundi cherehani. Kila tamthilia ikiisha na majina yakianza kupanda kwenye kioo, shemeji alinyamazisha nyumba nzima mpaka jina la Fundi Sauti lipite, kisha akapiga makofi.

Wizi wa kutumia silaha ulipozidi mjini, kituo kiliandaa kipindi cha kuwafundisha watu wajilinde vipi. Mtayarishaji, mama mmoja anayetembea mbio hata akienda kunywa chai, alimleta Mtaalamu wa Silaha. Hivyo ndivyo alivyoandikwa kwenye kioo. Lilikuwa pande la mtu, sauti nzito, miwani ya jua ndani ya studio. Jeshini aliwahi kuwa kweli, mimi sibishi, ila baadaye ilikuja kujulikana kwamba muda wake wote huko aliutumia kuendesha lori la vyakula. Wakati ule hakuna aliyemuuliza. Kwa miwani ile na sauti ile, nani angethubutu?

Fundi Sauti alitumwa kwenye uwanja wa shabaha akarekodi mlio wa bastola. Alisimama nyuma ya askari, akashika maikrofoni, na risasi zilipotoka alishtuka kwa sababu hakusikia alichotarajia. Pa! Pa! Mlio mkavu, mfupi, kama ubao unaoanguka kwenye sakafu ya saruji. Aliurekodi mara nyingi, karibu na mbali, nyuma ya ukuta na mbele yake. Kadiri alivyosogea mbali ndivyo ulivyozidi kufanana na ubao.

Aliporudi studio akawachezea, Mtaalamu alicheka mpaka miwani ikateleza.

"Hiyo si bunduki, kaka. Hizo ni mbao. Mitambo yako mibovu."

"Watazamaji watatuzomea," Mtayarishaji akasema. "Weka ile yako ya kwenye tamthilia."

Ile yake ilikuwa pipa tupu, mlango wa bati na mwangwi wa kutosha kutikisa madirisha. Alikuwa ameihangaikia sana, na alijivunia.

"Nilikuwepo pale," Fundi Sauti alianza kusema. "Masikio yangu mwenyewe yame…"

"Ile yako ndiyo bunduki hasa," Mtaalamu akamkatiza. "Nikiisikia mimi mwenyewe nywele zinanisimama."

Basi, akavishwa kilemba cha ukoka, akakivaa. Hapa ndipo mimi huwa namkasirikia. Mtu aliyesimama nyuma ya bastola kwa miguu yake alikubali kuambiwa hakusikia alichosikia, kwa sababu tu amesifiwa pipa lake.

Kulikuwa na baya zaidi. Kipindi kiliporekodiwa, Mtaalamu alitazama kamera akasema: "Huu ndio mlio wa bunduki. Ukiusikia, lala chini. Ukisikia vishindo vidogo vidogo, pa, pa, usihangaike. Hizo ni mbao au fataki, endelea na shughuli zako." Fundi Sauti aliyasikia maneno hayo kwenye hedifoni zake, peke yake, kabla nchi nzima haijayasikia. Angeweza kunyanyua simu akasema hapana. Badala yake alikata kikohozi cha Mtaalamu kilichokuwa katikati ya sentensi ile ile, ili isikike vizuri.

Duka la shemeji la kushona liko katikati ya muuza mbao na duka la jumla. Mchana mmoja alikuwa akimpima gauni mwalimu mmoja mstaafu, bibi aliyekuwa amefundisha nusu ya mtaa ule kusoma. Ghafla vikasikika vishindo nje: pa, pa. Mwalimu akachuchumaa nyuma ya meza. Shemeji akacheka.

"Simama, mwalimu wangu. Hizo mbao za jirani. Bunduki hailii hivyo hata kidogo, shemeji yangu yuko televisheni."

Akamshika mkono, akamwinua. Majambazi walikuwa wanatoka duka la jumla wakifyatua ovyo. Risasi moja ilipita dirishani ikamwingia mwalimu kwenye nyonga.

Mwalimu hakufa. Alilazwa, na madaktari hawakutaka kusema kama atatembea tena. Watoto wake walimkataza shemeji asikanyage wodini. Mtaani ikawa gumzo: bibi wa watu alikuwa ameshajificha, yule fundi cherehani ndiye aliyemsimamisha. Wengine walisema alimsimamisha makusudi ili ajikinge, maana watu hawakosi la kuongeza. Shemeji alifunga duka, akahamia kwa dada yake, na kazi yake ikawa kukaa kwenye kochi na kulia.

"Nilimshika mkono mimi mwenyewe, shemeji," alimwambia Fundi Sauti siku ya kwanza. "Yeye alikuwa ameshajua. Mimi ndiye niliyemwambia asimame."

"Si kosa lako," akajibu.

"La nani basi?"

Fundi Sauti akaenda jikoni akamletea maji. Alipomaliza kunywa, akaipokea bilauri, akaiosha, akaifuta, akaosha na vyombo vingine ambavyo havikuwa vichafu. Na hivyo ndivyo mambo yalivyoendelea. Shemeji akilia, Fundi Sauti anakwenda jikoni. Mkewe akaanza kumsifu mbele ya majirani kwamba ana huruma, na kila sifa ilimchoma kama pasi. Chakula kilimshinda. Kazini alimwaga mchele wa mvua chini, akakaa kuutazama. Nafsi ilimsuta asubuhi, ikamsuta mchana, na bado mdomo haukufunguka.

Kisha Mtayarishaji akatangaza kwenye kikao kwamba, kwa kuwa tukio lile limewagusa watu, kipindi kitarudiwa Jumapili. Fundi Sauti alimfuata ofisini akafunga mlango.

"Mama, ule mlio si wa kweli."

"Tunajua si wa kweli. Nani kauweka?"

"Mimi."

"Basi nyamaza," akasema, si kwa ukali. "Likitoka nje, jina litakalotajwa ni lako."

"Kikirudiwa nitalitaja mwenyewe."

Mama yule hakuwahi kumsikia akisema sentensi nzima ya upinzani. Jumapili walionyesha mpira. Hakuna aliyeeleza kwa nini, hakuna aliyeomba radhi, na Mtaalamu akaendelea kualikwa kwenye vipindi vingine akiwa na miwani yake.

Sasa niambie, mtu kama huyo si angepumua? Kipindi kimezikwa, siri iko ofisini, hakuna atakayemnyooshea kidole. Alijaribu kupumua. Lakini aliporudi nyumbani alimkuta shemeji anakunja nguo za watoto, anazikunja vizuri mno, machozi yakidondokea mashati, na akaona kwamba huyu ataishi hivi mpaka azeeke. Jumapili ile ilikuwa imewaokoa watazamaji. Huyu aliyeko ndani ya nyumba yake haikumfikia.

Akapiga moyo konde. Akaleta hedifoni zake na kinasa sauti, akamvalisha shemeji, akabonyeza.

Shemeji aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, mikono juu ya kichwa. Nguo zote zilimwagika. Alipoweza kusema alivua hedifoni zile akazishika kwa mbali.

"Ndiyo hii. Ndiyo hii hii. Umeitoa wapi?"

"Niliirekodi kwenye uwanja wa shabaha. Ni bastola ya kweli."

"Lini?"

"Kabla ya kipindi. Niliitoa nikaweka yangu. Walisema haifanani na bunduki, nami nikakubali."

Alisubiri kofi. Angelishukuru. Shemeji alianza kuokota nguo, shati moja baada ya jingine, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"La kipindi naweza kulielewa. Ilikuwa kazi, na wakubwa walisema. Lakini mimi nimelia hapa kwenye kochi lako, shemeji. Nimekuuliza kosa ni la nani. Ukaniletea maji."

Fundi Sauti akapiga magoti, akaanza kumsaidia kuokota nguo.

"Vaa viatu," shemeji akasema. "Twende hospitali."

Kwenye mlango wa wodi alisimama mtoto wa kwanza wa mwalimu, mwanamume mwenye mvi za mapema na macho mekundu ya kukesha. Alipomwona shemeji alinyoosha mkono akaziba mlango.

"Dada, nilishakwambia. Mama yangu hutamwona."

"Si yeye," Fundi Sauti akasema. Sauti ilitoka juu kuliko alivyokusudia, na korido nzima ikageuka. Akaeleza yote palepale, wamesimama: uwanja wa shabaha, pipa na mlango wa bati, maneno ya Mtaalamu, kikohozi alichokikata. Alieleza vibaya, akirudia-rudia, lakini hakuruka kitu. Muuguzi aliyekuwa akisukuma kitoroli cha dawa alisimama.

"Kile kipindi nilikiangalia," muuguzi akasema taratibu. "Mimi na wanangu. Tunakifuata kile alichosema yule wa miwani."



Mtoto wa mwalimu akamgeukia shemeji. "Nisamehe, dada," akasema, akashusha mkono.

Shemeji akapita. Fundi Sauti akapiga hatua amfuate, na ule mkono ukanyooka tena mbele ya kifua chake. Haukumsukuma. Ulikaa tu.

Mlango ukafungwa polepole. Kutoka ndani alimsikia bibi akiuliza, "Mbona umekawia hivi, mwanangu? Nilikuwa nakusubiri," na shemeji akiangua kilio. Alisimama koridoni akisikiliza, kwa kuwa hakuwa na namna ya kutosikia.