Niliposinzia Bandarini Masira

Mtihani wetu wa mwisho ulikwisha Alhamisi asubuhi, na mimi nilikuwa sijalala vizuri kwa siku nne. Tulikuwa watatu, wanafunzi wa uuguzi mjini Nizwa, tukikaa chumba kimoja hosteli. Mmoja alikuwa wa Sur, mtoto wa watu wa bahari, na yeye ndiye aliyekuwa na gari. Wa pili alitoka Al Hamra, chini ya mlima, hajapata kupanda chombo tangu azaliwe. Wa tatu mimi, niliyelelewa Ibra na bibi yangu, aliyezaliwa Unguja kabla ya kuhamia huku Uarabuni, na ambaye ndani ya nyumba yake hataki kusikia lugha nyingine ila Kiswahili.

Tulikuwa tumeinamia chai mkahawani. Yule wa Sur akainua kichwa. "Twendeni Masira," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Tukibaki hapa tutalala mpaka Jumapili."

Masira ni kisiwa, na kufika bandari inakoondokea feri ni mwendo wa saa nne na zaidi. Sikutaka kwenda. Nilitaka hasa huko kulala mpaka Jumapili. Lakini hata kukataa kunataka nguvu, na mimi sikuwa nazo.

Mwenzetu wa Sur alimpigia baba yake kuomba ruhusa. Baba akasema sawa, ila arudi na samaki. Wa Al Hamra alimwambia dada yake. Mimi niliandika katika daftari la hosteli kwamba nakwenda Ibra, kisha nikamwambia bibi kwenye simu kwamba nimebakiza mtihani mmoja, wa Jumamosi.

"Haya mwanangu," akasema. "Lakini ule. Usisome na njaa."

Ukishapita mji wa Sinaw hakuna kitu: barabara, ngamia, na joto linalotetema juu ya lami. Nililala kichwa kikigonga kioo cha gari. Kwenye feri wa Al Hamra alitapika mwanzo mpaka mwisho. Jua lilikuwa linazama tulipopata chumba katika nyumba ya wageni, tukaangukia vitanda na baibui zetu mwilini.

Ijumaa asubuhi tulikuta upepo. Mchanga uliingia machoni, masikioni, ndani ya wali. Mkeka haukutandikika. Tukaishia kukaa ndani ya gari ufukweni, vioo tumefunga, tunaitazama bahari kama tunatazama televisheni. Wa Al Hamra akasema anataka kurudi. Wa Sur akamjibu kuwa asiyependa bahari angebaki kwao na mbuzi. Wakagombana mpaka mmoja akalia. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikisinzia. Sikumtetea huyu wala yule.

Baada ya sala ya Ijumaa tuliamua kuondoka, kwa sababu watu walisema upepo utazidi. Bandarini tukaambiwa feri itachelewa. Wenzangu walibaki garini, hawasemeshani, nami nikaenda kukaa katika chumba cha kungojea cha wanawake. Sijatulia, simu ikalia. Bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wasoma?"

"Nasoma, bibi."

"Mbona nasikia upepo?"

"Feni hiyo."

"Feni gani yavuma kama kusi?"

Nikacheka, nikaaga upesi. Nilipogeuka nilimwona mwanamke amekaa kiti cha tatu kutoka kwangu, amejifunika mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mbele yake alikuwapo bibi mmoja wa Kiarabu katika kiti cha magurudumu, amelala.

"Nisamehe," akasema kwa Kiswahili. "Miaka miwili sijamsikia mtu akimdanganya bibi yake kwa lugha yangu."

Alikuwa na umri wa mama yangu. Nikaona haya, na nilichoweza kusema ni "Shikamoo."

Kicheko kikamkatika. "Marahaba, mwanangu. Tangu nije huku hakuna aliyeniamkia."

Alitoka Tanga. Alikuwa akimtunza yule bibi, mama wa mwajiri wake, na siku ile walikuwa wanavuka kumpeleka hospitali. Nyumbani kwao kisiwani hakukuwa na mtu wa kusema naye Kiswahili. Wanawe aliwapata kwenye simu tu, na simu, alisema, ina haraka, unaulizwa hali na unajibu nzuri. Akasogea kiti cha karibu yangu. Akaanza kuzungumza, na maneno yalimtoka kama maji yaliyofunguliwa. Alinieleza shamba la minazi, mwanawe wa darasa la saba, namna yule bibi anavyomwita kwa jina la binti yake aliyekufa. Kisha akaniambia kwamba mwaka uliopita mama yake mzazi aliugua. Aliomba ruhusa, akapewa, tiketi ikakatwa. Siku mbili kabla ya safari huyu bibi naye akaugua, akawa hakubali chakula ila kutoka mkono wake.

"Sasa fikiria mwanangu," akasema. "Huku mama, na huku huyu, ananishika nguo kama mtoto…"

Hapo ndipo nilipolala.

Nilizindukana kichwa changu kikiwa begani kwake. Wenzangu wamesimama mlangoni wananiita, feri inapakia watu. Yeye alikuwa amekaa wima, hajajisogeza, mkono mmoja umeshika kiti cha bibi yule kisibiringike.

"Umechoka wewe," akasema. "Pole."

Ndani ya feri bahari ilikuwa mbaya. Bibi wa Kiarabu alitapika. Mimi nilishika ndoo, yule mama akamshika kichwa, na wa Al Hamra, anayejua kutapika kulivyo, akalowesha kitambaa akampangusa uso. Wa Sur alikaa sakafuni akazuia magurudumu kwa miguu yake. Bibi alipotulia nikapata ujasiri.

"Mama, kwani ulikwenda? Tanga?"

Alikuwa anakamua kitambaa. Hakukasirika. "Nimeshasema, mwanangu," akajibu. "Mara moja yatosha."

Ng'ambo, gari la mwajiri lilikuwa linawangoja. Akanishika mkono, wakaenda.

Jumamosi nilifika Ibra nikamwambia bibi ukweli wote. Kisiwa hakikumshughulisha, uongo ndio uliomchoma, akanisema mpaka chakula kikapoa. Kisha akauliza, "Huyo mama, wa Tanga wapi?" Sikujua. "Jina lake?" Sikumwuliza. "Na mama yake alipona?"

"Nililala, bibi."

Akaniangalia, akavuta sinia upande wake, akaanza kula.

Sasa nafanya kazi wodini, hapa hapa Ibra. Wazee wengi hawatafuti dawa tu, wanatafuta mtu wa kumweleza. Siku nilizochoka sana siketi kitandani kwa mgonjwa anayezungumza. Nasimama, miguu inauma, mpaka amalize.