Kikombe Ambacho Mwenye Nyumba Hakukionja

Nilikuwa namenya ndizi ya tisa jikoni kwa mama, Kimwani, aliponikatiza.

"Ngoja hapo hapo. Alionja kwanza?"

Kisu kikasimama.

"Nani?"

"Huyo mwenye nyumba wako. Kabla hajampa mgeni kikombe. Alionja au hakuonja?"

Nikaiweka ndizi chini, nikijaribu kukumbuka.

Mama yangu, Joviana, haoni. Macho yalikwisha miaka sita iliyopita. Kompyuta hajawahi kuigusa. Lakini swali lake hilo moja lilikuja kuwaumbua watu ishirini wenye macho mazima.

Na mimi nikiwa wa ishirini na moja.

Nianzie mwanzo.

Naitwa Elieth. Nina steshenari Nshambya. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza.

Nilipohamia Bukoba mjini sikuwa na mtu. Siku moja nikaenda kununua wino wa printa kwenye duka la kompyuta la jamaa anaitwa Kahigi. Muuzaji wake, binti anaitwa Joyness, akanikuta nimeduwaa mbele ya skrini.

"Waitu dada, hilo ni gemu. Linaitwa Milango Tisa. Kaa ujaribu."

Waitu ni neno letu Wahaya la heshima, la kumlainisha mtu. Joyness hawezi kumaliza sentensi bila hilo. Hata meseji zake zote zinaanza hivyo: Waitu dada.

Nikakaa. Sikuinuka mpaka walipofunga duka.

Ni gemu la mtandaoni, unacheza na watu wa dunia nzima kwa wakati mmoja. Wewe ni msafiri unayetafuta milango tisa kwenye nchi ya wafalme na majoka. Na lina hadithi, tena ndefu. Kuna ile ya mwanzo, halafu kila baada ya muda wenye gemu wanaongeza kipande kipya. Sisi tunaita nyongeza. Nilipoingia mimi zilishatoka tatu. Ya nne ilikuwa njiani.

Joyness akaniingiza kwenye kikosi chao. Watu ishirini, wa Bukoba, wa Mwanza, wengine Dar. Kiongozi Kahigi mwenyewe.

Ushauri wao wote ulikuwa neno moja.

"Ruka."

Kila hadithi inapoanza, kona ya skrini kuna kitufe cha kuruka. Ukikibonyeza, hadithi inapotea, unapelekwa moja kwa moja kwenye kupigana.

"Hadithi ni mapambo tu, sista. Ruka uje tulipo."

Mimi sikuruka. Nilichukua kamusi na kaunta buku, nikaanza kuandika. Nani kasema nini, kasimama wapi, kavaa nini. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, kwa hiyo nilikwenda pole pole.

Na kila siku saa kumi alasiri nilimpigia mama, namsimulia.

Siku ya kwanza nilianza hivi: "Mama, kuna msafiri alifika mtoni..."

"Hapana," akasema. "Hadithi haianzi hivyo. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Kwetu msimuliaji anasema kwanza: nilikwenda, nikaona. Anayesikiliza anajibu: ona, nasi tuone. Asipojibu, huendelei.

"Ukisema umeona, uwe umeona," mama akaniambia. "Mimi sina macho. Usiniletee vya kuokota."

Nikamwahidi. Kila nitakachompa nitakuwa nimekiona mwenyewe.

Basi tukaenda hivyo, hadithi ya mwanzo, nyongeza ya kwanza, ya pili. Joka lililozuia watu darajani mama alilihoji kibali limepewa na nani. Mwana wa mfalme wa nyongeza ya kwanza alimwita Yule Mjinga. Yule Mjinga alipouawa kwenye nyongeza ya pili, mama akanisimamisha, akachukua rozari.

"Mama, siyo mtu wa kweli."

"Hata hivyo alikuwa mjinga wetu."

Mhusika aliyempenda kuliko wote ni mwanamke mwenye nyumba ya wageni njia panda. Jina lake la kwenye gemu lilimshinda mama kutamka, akamwita Mwenye Nyumba. Kila sehemu ya hadithi, msafiri lazima apite kwake, na kila akipita anapewa kikombe cha kinywaji cha asali.

Hapo ndipo tulipokuwa siku ile jikoni. Mwisho wa nyongeza ya tatu. Msafiri amefika, Mwenye Nyumba kampa kikombe.

"Sikumbuki kama alionja, mama."

"Basi hujaona."

Aliyekulia kwetu anaelewa. Mwenye nyumba akikuletea rubisi, pombe yetu ya ndizi, anapiga funda la kwanza mwenyewe, mbele yako, ndipo anakukabidhi. Asipofanya hivyo mgeni haulizi kitu. Anakiweka chini tu.

Niliporudi Nshambya nikafungua kaunta buku, nikarudia hadithi zote za Mwenye Nyumba, moja moja.

Hadithi ya mwanzo: anapiga funda, anampa.

Nyongeza ya kwanza: anapiga funda, anampa.

Ya pili: anapiga funda, anacheka, povu mdomoni.

Ya tatu: anakishika kwa mikono miwili. Anamtazama msafiri muda mrefu. Anampa.

Haonji.

Nyuma yake, mlangoni, wamesimama wanaume wawili ambao sijawahi kuwaona. Skrini inaingia giza, kikombe kiko mkononi mwa msafiri. Nyongeza ya tatu inaishia hapo.

Nikampigia mama.

"Si nilikwambia! Huyo si yule. Wamembadilisha. Au amenunuliwa, mshenzi!"

"Sijui bado, mama."

"Wewe kila siku hujui."

"Nimeandika kwa penseli, nikikosea nifute."

Wiki hiyo hiyo Kahigi akaita kikao cha simu, kikosi kizima.

"Nyongeza ya nne inatoka Jumamosi saa tisa alasiri," akasema. "Tunaingia ishirini kwa mpigo na tunarusha laivu. Hadithi yoyote ikitokea, wote mnabonyeza Ruka. Mmoja akibaki anaangalia, kumi na tisa tunamsubiri. Tumeelewana?"

Kwenye gemu lile ndivyo ilivyo. Mmoja akitazama, wote mnakaa.

"Mimi sitabonyeza," nikasema.

Sauti yangu ni ndogo. Ikabidi nirudie.

"Sitabonyeza. Nipeni dakika kumi za mwanzo tu. Kile kikombe hakikuonjwa."

Kikazuka kicheko.

"Wahaya bwana!" jamaa wa Mwanza akasema. "Hata kwenye gemu wanadai rubisi!"

"Dada Elieth," Kahigi akasema, "hii ni vita, siyo kitchen party. Unaruka au unatoka?"

Nilijua ninachopoteza. Wale ndio watu wangu pekee mjini. Lakini nilikuwa nimempa mtu asiyeona ahadi kwamba nitaona kwa niaba yake.

"Siruki."

Alhamisi asubuhi ikaingia meseji. Siyo ya Kahigi. Ya Joyness.

"Umeondolewa kikosini. Nafasi yako imejazwa. Usije dukani kwa sasa."

Niliisoma mara moja, nikafunika simu mezani.

Kahigi hakuniumiza. Joyness aliniumiza.

Saa kumi mama akasikia sauti yangu tu, akajua. Nikamweleza yote.

"Basi bonyeza hicho kitufe, mwanangu," akasema. "Upate watu wako. Mimi nina redio."

Hapo ndipo nilipokasirika. Mimi, ambaye sijawahi kumpandishia mama sauti.

"Sibonyezi! Hata wewe usiniambie! Nilianza kwa kuona na nitamaliza kwa kuona, hata nikibaki peke yangu nchi nzima."

Halafu, taratibu:

"Haya. Ona, nasi tuone."

Jumamosi nikafunga steshenari mapema. Saa tisa juu ya alama nikaingia, peke yangu.

Msafiri yuko palepale, kikombe mkononi. Mwenye Nyumba anamtazama. Wale wanaume wawili wako mlangoni. Skrini ikaleta machaguo mawili, na sekunde ishirini zikaanza kurudi nyuma.

Kunywa.

Weka chini.

Nikaweka chini.

Mwenye Nyumba mabega yakamshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na wale wawili wakachomoa mapanga.

Mimi si mpiganaji. Waliniangusha mara tatu. Ya nne nikawaweza.

Nyumba ilipotulia, Mwenye Nyumba akasema maneno ambayo nimeyaandika kwa kalamu ya wino:

"Mara tatu nilionja mbele yako. Mara ya nne nikaacha. Walisimama nyuma yangu wakisikiliza kila neno. Sikuwa na njia nyingine ya kukuambia."

Kumbe hakubadilishwa. Hakununuliwa. Alikuwa yule yule, ameshikwa, na kuacha kuonja ndiko kulikuwa kusema kwake.

Nikampigia mama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilimwita mshenzi," akasema.

"Ulimwita, mama."

"Mwambie namwomba radhi."

"Mama, ni gemu."

"Mwambie tu."

Saa kumi na moja simu ikaita. Kahigi. Hakusalimia.

"Ulijuaje?"

Walikuwa wamekunywa. Wote ishirini. Waliokuwa wanawatazama laivu walishuhudia mashujaa wakidondoka mmoja mmoja, kisha wakiamka ndani ya shimo bila upanga, bila ngao, bila hata viatu. Silaha walizozihangaikia miaka mitatu.

"Mama aliniuliza," nikasema.

"Mama yako anacheza?"

"Mama yangu haoni."

"Rudi kikosini, dada Elieth. Ututoe huku."

"Nitarudi siku kuruka hakutakuwa sheria. Na kila mtu aanze hadithi ya mwanzo."

"Unatuwekea masharti?"

"Ndiyo."

"Yaani wewe! Na kasauti kako hako!"

"Na kasauti kangu haka haka."

Akakata. Nikacheka peke yangu, nikijiona mshindi. Mtu mmoja anayeona, katikati ya watu wanaoruka.

Nikafungua meseji za zamani nimtafute mtu wa kumwambia. Ya juu kabisa ilikuwa ile ya Joyness. Umeondolewa kikosini.

Nikaisoma tena.

Nikapanda juu, kwenye zile za nyuma. Waitu dada, umeamkaje. Waitu dada, wino umefika. Waitu dada. Waitu dada. Miaka miwili, hakuna hata moja iliyokosa.

Isipokuwa hii.

Jumapili, ibada ilipoisha, nikaenda kwake Kitendaguro. Nilimkuta uani anachambua maharage. Aliponiona akaacha ungo.

"Joyness. Ile meseji uliiandika wewe?"

"Niliandika mimi," akasema. "Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Ananisomea neno kwa neno, anaangalia skrini. Ningeongeza neno angeliona, na kazi ningekosa. Nikaona hawezi kugundua lisiloandikwa."

"Waitu."

"Nililiacha makusudi. Nikasema Elieth haruki kitu, ataona. Nikangoja Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi." Macho yakamjaa. "Hukupiga."

Nilikaa kwenye kigoda mbele yake. Niliangalia mikono ya mwanamke wa kwenye gemu mpaka nikaijua, na meseji ya rafiki yangu niliisoma mara moja kwa hasira nikaifunika.

"Niliruka," nikamwambia.

"Uliruka, waitu," akasema, akanisukumia nusu ya maharage.

Tulichambua wote. Baadaye akasema ameshamwambia Kahigi kwamba meseji za namna ile ataandika mwenyewe.

"Akasemaje?"

"Amenuna. Acha anune."

Kahigi mpaka leo hajakubali masharti yangu, na mimi sijayapunguza. Siombi kurudi. Anayeniharakisha namwambia aende, tutakutana mbele, au shimoni. Ila sasa nikishaudhika na ujumbe wa mtu, nausoma mara ya pili, nikiangalia na kile ambacho siku zote huwepo na leo hakipo. Nimejifunza hilo kwa kuchelewa siku tatu, na rafiki akanisubiri. Usitegemee kila rafiki atasubiri.

Leo saa kumi tulikuwa watatu steshenari. Mimi kwenye kompyuta, Joyness na kamusi, mama kwenye spika ya simu kutoka Kimwani. Mwenye Nyumba ametupeleka chini ya nyumba yake, kuna mlango wa chuma, na nyuma yake mtu anagonga. Mara tatu, kimya, kisha mara mbili.

"Fungueni!" mama akapiga kelele.

"Hatujui ni nani, mama."

"Nyie nanyi hamjui! Labda ni Yule Mjinga."

Kaunta buku imebaki kurasa nne. Joyness hajapata neno moja kwenye kamusi, lile lililochorwa juu ya komeo, na hatugusi komeo kabla hatujalisoma. Nimeweka alama kwa penseli hapo tulipofika, nikazima kompyuta. Tutalitafuta kesho.