Makaburi ya Mbwa Waliokuwa Hai

Watu wakiniambia kwamba Wazungu ndio waliotufundisha kupenda wanyama, nacheka mpaka mbavu zinaniuma. Mimi nimeishi uani kwa Mzungu miaka tisa, kule vilima vya Kyerwa walikokuwa wakichimba bati, na mapenzi yake nayajua. Alikuwa na mbwa watatu. Mmoja dume jeusi, kubwa kama ndama. Wa pili mrefu wa kiwiliwili, miguu mifupi, ungedhani alikaliwa na mtu tangu tumboni mwa mama yake. Wa tatu jike la rangi ya asali, limeanza kuzeeka, jicho moja lina ukungu. Huyo wa tatu aliitwa Dalingi. Mume wangu, mpishi wake, baba wa watoto, mtu mzima mwenye ndevu, aliitwa boi.

Dalingi alikuwa na blanketi lake mwenyewe, la sufu, wakati wachimbaji wa bati walijifunika magunia. Yule wa miguu mifupi alipomeza mfupa, gari liliwashwa likampeleka Bukoba siku ile ile. Mtoto wetu wa pili alipofariki, bwana alimpa mume wangu ruhusa mpaka saa nane, awahi kuja kupika chakula cha jioni. Tukazika haraka haraka kama watu walioiba. Sisemi haya kwa wivu. Nayasema kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, nashukuru Mungu haijapungua.

Basi bati likapungua, bwana akaamua kurudi kwao. Asubuhi moja alimwita mume wangu, akampa pakiti ya sumu ya fisi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni, cha kuamrisha tu. Akasema, "Mimi penda mbwa hii sana. Hapana taka kaa na nyinyi. Nyinyi piga, nyinyi nyima chakula. Tia dawa kwa nyama, yeye lala, kwisha. Chimba shimo tatu, mzuri." Halafu akamwahidi kwamba wakifika gatini Bukoba, kabla ya kupanda meli, atampa barua ya sifa. Mpishi asiye na barua ya sifa siku zile alikuwa kama jembe lisilo na mpini, hakuna aliyemwajiri.

Mume wangu alikuja na ile pakiti akaketi kizingitini. "Mama watoto," akasema, "nifanyeje?"

Nataka nieleweke. Sikuwapenda mbwa wale hata kidogo. Walikuwa wakila nyama mbele ya watoto wangu. Lakini nilipoyasikia maneno ya bwana, damu ilinichemka. Yaani kukaa na mimi ni kubaya kuliko kufa? Mbwa auawe, eti asije akaonja maisha yangu? Thubutu! Niliinyakua ile pakiti nikaitupa chooni. Nikamwambia mume wangu, "Wewe chimba mashimo yako. Mbwa niachie mimi."

Bwana alikuwa na desturi ya kulala baada ya chakula cha mchana, akikoroma kama mtu anayepasua mbao. Siku hiyo alipolala, niliwafunga mbwa kamba nikashuka nao kupitia migomba, nikashika njia ya kwetu Nyabiyonza. Nyuma yangu mume wangu alichimba mashimo matatu, akayafukia, akayapiga udongo vizuri kwa koleo. Jioni bwana alikuja kofia mkononi. Akasimama mbele ya yale makaburi, akasoma kitabu chake, akaweka maua, akapenga kamasi. Mume wangu alisimama nyuma yake ameinamisha kichwa, wanaombea udongo. Aliniambia baadaye kwamba ilibaki kidogo aitikie amina kwa sauti.

Sasa nikawa na mbwa watatu kibanjani, shambani kwetu, na sina mahali pa kuwaweka. Kwangu hawakuweza kukaa. Watu wa mgodi walipita mlangoni kila siku, na midomo yao haina kufuli. Habari ingemfikia bwana, aliyekuwa bado anafunga mgodi, kabla barua haijaandikwa.

Wateja walikuwapo, loo! Mbwa wa Mzungu, nani hamtaki? Wa kwanza alikuja karani wa baraza, mwenyeji wa Bukoba, mtu wa soksi ndefu na kalamu mbili mfukoni ingawa nyaraka zote alikuwa akigonga mhuri tu. Alimtaka yule dume jeusi. Nikamuuliza atampa nini kula. Akanijibu kwa Kiingereza, mimi na mbwa wote tukamtazama. Nilimpa, lakini baada ya siku nne nilikwenda kukagua. Nikamkuta karani ameketi barazani, mbwa amefungwa kwenye mguu wa kiti, naye anamwamrisha kwa Kiingereza mbele ya watu wenye kesi zao. Mbwa akainuka kwenda zake, kiti kikafuata, na karani akabaki chini miguu juu. Nilicheka nikamwambia amfungue, ampe ndizi zenye mafuta, na aseme naye kama watu. Alinuna, lakini alifanya. Yule mbwa alizeeka pale barazani, akaheshimiwa kuliko mwenyewe.

Wa miguu mifupi alichukuliwa na mwalimu wa dini wa huko Isingiro. Huyu alihubiri kila Jumapili habari za kumpenda jirani, kisha akampa mbwa jina la kumsimanga jirani yake. Hapa lazima nieleze, kwa sababu kwetu jina la mbwa si jina la mbwa. Ni barua. Una neno na shemeji yako, na adabu hairuhusu kumwambia usoni? Unampa mbwa neno hilo, halafu unamwita mbwa kwa sauti asubuhi na jioni. Mwenye kuambiwa anasikia, na hawezi kukushtaki, maana ulikuwa unamwita mbwa. Mwalimu wa dini alikuwa na jirani aliyekuwa akisogeza mpaka wa shamba, basi mbwa akaitwa Mungu Anaona. Mbwa mwenyewe alifurahi tu, alikuwa anapata mifupa.

Akabaki Dalingi. Huyo hakuna aliyemtaka. Wawindaji walikuja na njuga zao za kuwavisha mbwa shingoni, wakamfunua meno, wakatazama jicho, wakacheka, wakaenda. Na yeye hakunisaidia. Alikaa mlangoni kutwa akitazama njia ya Kyerwa, anamngoja bwana wake, hataki ndizi, hataki hata mfupa. Nilimtukana. "Mjinga we," nilimwambia, "umeshazikwa huko. Umewekewa na maua."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ikasomwa amri ya serikali. Kumetokea kichaa cha mbwa, askari atapita kila kijiji, na mbwa asiye na mwenyewe atapigwa risasi papo hapo. Watu wakauliza, askari atajuaje mwenyewe? Jibu likatolewa: mtu atamwita mbwa wake kwa jina, mbwa akienda, ni wake. Asipokwenda, ni mzururaji. Siku za kungoja zilikuwa chache, hazikutimia hata mwezi.

Ndipo nikamkumbuka mjane mmoja wa wafugaji, upande wa mbuga za majani, mahali paitwapo Ndama, aliyekuwa akituuzia samli ya jikoni kwa bwana. Mumewe alikuwa amekufa, mtoto wa kiume hakumwachia, na mashemeji zake walikuwa wakingoja achoke arudi kwao ili wabaki na ng'ombe. Walikuja kila siku kumsalimia, wakimtazama kama watu wanaongoja ndizi iive. Nilimpelekea Dalingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akamtazama mbwa muda mrefu.

"Ana jicho moja," akasema. "Linatosha kumwona fisi. Anaitwaje?"

"Dalingi, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Na maana yake? Anaambiwa nani?"

Jina la mbwa lisiloambiwa mtu! Mume wangu alikuwa ameshanieleza maana yake, nikamwambia mama yule kwa haya: maana yake ni mpenzi wangu.

Alishika kiuno. "Nisimame nyikani jioni, mimi mjane, niite mpenzi wangu njoo, mpenzi wangu njoo? Na mashemeji wanasikia? Kesho watasema nina mwanamume majanini, na ng'ombe wataondoka. Mwanangu, unataka kuniua?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulipomaliza kucheka hakutabasamu tena. Akasema, "Ataitwa Sihami." Alilisema kwa Kinyambo, lugha yetu, nami nalisema hapa kwa Kiswahili. Akatoka nje akaliita mara tatu kwa sauti, wala hakuelekeza uso kwa mbwa. Aliuelekeza kwenye nyumba za mashemeji.

Jina zuri, lakini mbwa mwenyewe hakulijua. Ukisema Sihami, mbwa anatazama nzi. Ukisema Dalingi, masikio yanasimama. Mama yule hakumpiga wala hakugomba. Kila wakati wa kukamua, asubuhi na jioni, alimimina maziwa kwenye kipande cha kibuyu, akaita Sihami, akangoja. Mimi nilikaa siku mbili nikashuhudia, nikaona uchungu: maziwa yenye povu, anapewa mbwa! Nikamwambia, mama, watoto wa watu wanayatamani maziwa haya. Akanijibu, "Ng'ombe ni wangu." Siku ya tatu nikarudi kwetu, mbwa bado hajaitika hata mara moja. Njiani nililia, na nilikuwa nimesema simpendi.

Siku ya askari niliamka mapema nikaenda Ndama. Nilikuta watu wamekusanyika kando ya barabara, na mashemeji wote wamekuja, wamevaa vizuri kama waliokuja harusini. Mbwa akiuawa, fisi watamaliza ndama, na mjane atakwenda wapi ila kwao? Mama yule alisimama zizini. Alinipa ishara kwa kichwa kwamba mambo si mabaya. Kumbe wiki ile ya mwisho Sihami alikuwa ameanza kuitika.

Askari alikuwa amefika kwenye boma la pili kabla ya la mama yule ndipo likatokea lori. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani, likasimama. Mbele ameketi bwana wetu, anakwenda zake Bukoba kupanda meli. Nyuma, juu ya mizigo, mume wangu na sufuria zake. Aliponiona, uso wake ukawa majivu.

Bwana alitoka kuwafokea wachungaji. Akageuka. Akamwona.

"Dalingi!" akapaza sauti.

Msitegemee niwadanganye. Alikwenda. Alikimbia yule mbwa mzee kama mtoto wa mbwa, akalia, akajikojolea kwa furaha, akamrukia kifuani. Na bwana alipiga magoti matopeni akamkumbatia, analia kwa sauti, dalingi, dalingi. Yule aliyempa mume wangu ruhusa mpaka saa nane! Na niliogopa, maana niliona askari amekwisha kutufikia, anatazama, na mashemeji wanatabasamu.

Kisha machozi ya bwana yakakauka, akaanza kuelewa. Akamtazama mume wangu kule juu. Akanitazama mimi. Akasimama, akafuta matope magotini, akamwambia askari, "Mbwa hii yangu. Hapana acha na watu hii, itapata taabu. Piga."

Askari akaikoki bunduki.

Mama mjane hakuomba wala hakupiga kelele. Aligeuka akarudi zizini taratibu, akachukua kipande cha kibuyu, akamimina maziwa ya asubuhi ile, akakiinamisha chini mahali pake pa kila siku. Ndipo akaita, "Sihami!"

Mbwa alimtazama bwana. Akatazama zizini. Jicho lake lile moja zima lilikwenda huku na huku, nami nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Bwana akaita tena, "Dalingi, kam!" Mama naye akaita mara moja tu, kama mtu aliyekwisha kusikiwa.

Akaenda kwenye maziwa. Mkia unatikisika, haraka hana, alikwenda kama anayekwenda nyumbani kwake.

Askari akashusha bunduki. "Bwana," akasema, "amri ni hiyo. Ameitwa, amekwenda. Ni wa mama." Akaelekea boma linalofuata, na mashemeji wakaanza kukumbuka kazi zao.

Bwana alibaki barabarani mikono inaning'inia. Akamwuliza mume wangu, "Mama hii iko ita nini? Jina gani hii?"

Miaka tisa mume wangu alikuwa amemjibu neno moja tu, ndiyo bwana. Nilijua barua ya sifa imo mfukoni mwa koti la bwana. Nilimwombea aongope, nakiri, nilimwombea aseme ni jina la ua.

"Maana yake sihami, bwana."

"Nani? Nani hapana hama?"

Mume wangu akaanza kushusha sufuria zake kutoka juu ya lori, moja moja, akinipa mkononi.

"Sisi, bwana," akasema. Halafu akaruka chini, akaniuliza kama kuna chakula.